Nilitaka Iwe Sumu

Mwaka wa 2022 nilikuwa na miaka sitini na moja, na mulini wangu, mashine ya kusaga unga, ulikuwa unasaga mihogo ya nusu ya Misiera, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Ndipo kichwa changu kilipoharibika. Ninasema hivyo, kilipoharibika, kwa sababu nimechoka na maneno ya kuzunguka. Shule niliacha darasa la tatu, kwetu Kivu ya Kusini, kwa hiyo wewe unayesoma usitafute hapa majina ya dawa wala mambo ya ubongo. Nitakuambia nilipita wapi, ili ukipita wewe ujue fasi ya kukanyaga.

Kwanza usingizi uliniacha. Kiangazi kile chote nilikuwa ninalala kama mtu anayelinda mzigo. Halafu ukaja mulini. Nikiwasha mashine, ninasikia jina langu ndani ya mlio wake. Si Baba Byamungu, jina la heshima ambalo watu wananiita kwa ajili ya mtoto wangu wa kwanza. Jina la utotoni, ambalo waliolijua wamekufa au wamebaki Kongo. Ninazima mashine, sauti inabaki. Nikaanza kuwachunguza wateja midomo, nani anaita. Mwishowe chakula nacho kikageuka. Bugali ikawa chungu, maharagwe yakanuka dawa ya panya. Nilikonda mpaka nikatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari.

Bibi yangu, Mama Byamungu, alisema kile ambacho kila mtu wa kwetu angesema.

"Bamekupatia kintu."

Alimaanisha karuho. Kwetu karuho ni sumu ambayo mtu wa karibu anakutilia kwenye kinywaji au chakula, nayo haikuui siku hiyo. Inakukausha polepole. Niliposikia neno lile, nilipata nafuu. Hata fahari kidogo niliona. Mimi nilifika Nakivale na sufuria moja na watoto. Nikalima mashamba ya watu, nikatembeza ndagala, dagaa wakavu, kichwani kwenye karai, mpaka nikanunua mashine. Nani angekosa kunionea wivu? Anayetiliwa karuho ni mtu aliye na kitu. Lakini mwenda wazimu, nani anamwonea wivu? Mwenda wazimu anarushiwa mawe na watoto kule Base Camp, makao makuu ya kambi, na binti zake wanazeekea nyumbani. Kati ya sumu na wazimu, mimi nilichagua sumu.

Shida ya sumu ni kwamba lazima awepo aliyeitia.

Nyumbani kwangu aliyepika alikuwa Godelieve, bibi wa mtoto wangu Byamungu. Ni Murundi, Mukatoliki, na walikuwa wamezaa mtoto mmoja wa kike. Ukoo haukumtaka toka mwanzo, lakini Byamungu alimtaka, yakaisha. Mimi binafsi sikuwa na neno naye. Wala sikuwa na mazungumzo naye, kwa sababu kwetu baba mkwe na bibi wa mtoto wake hawagusani. Hakai kwenye mkeka wako. Akikuletea sahani anaiweka chini, anarudi nyuma, ndipo unaiokota.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, tulikwenda kwa mama mmoja wa kwetu, katika kijiji kingine cha kambi, anayejulikana kwa kutapisha karuho. Alinikalisha kwenye kibao, akanipa kikombe cha kitu cheusi.

"Kunywa yote, papa. Usibakize."

"Inachoma."

"Inachoma karuho, haichome weye."

Nilitapika mpaka nikaona nyota mchana. Yule mama alichokoachokoa matapishi kwa kijiti, akainua kitu kama unywele. "Munaona? Hii haikutoka mbali. Ni ule mukono unakukorogea bugali."

Bibi yangu alipiga makofi mara moja, akajishika kichwa. Toka siku hiyo Godelieve alilazimishwa kuonja kila sahani yangu mbele ya watu wote. Alionja, akimeza macho yakiwa chini, mtoto wake akimtazama.

Shauri, mtoto wa baba yangu mkubwa, ndiye mkubwa wa ukoo hapa kambini. Alikuja, akasikiliza, akatoa hukumu kabla hajamaliza chai.

"Huyu mwanamuke arudi kwabo. Mutoto abaki. Tungojee Pasaka ipite, bale ba mbali bafike, ukoo uikale kikao, tumalize."

"Na mimi?" Byamungu akauliza.

"Weye utaoa mwingine. Banamuke bako mingi."

Byamungu aliinuka. Alikwenda kufungua mkanda wa mulini kuutengeneza, na mkanda haukuwa umeharibika.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kama ugonjwa wangu ni sumu, Godelieve anatolewa na mtoto wake ananyang'anywa. Kama si sumu, mimi ni mwenda wazimu. Na Pasaka ilikuwa inakuja.

Hospitali niliingia kwa aibu. Siku moja nilikimbia kutoka kwenye mulini, mashine ikiwaka, unga ukimwagika, nikawafukuza wateja kwa ufagio. Byamungu alinishika kwa nguvu, akanipeleka kituo cha afya. Kulikuwa na musawo, yaani muuguzi, wa magonjwa ya akili, binti wa Kinyankole, mwembamba, anaongea Kiswahili cha kukatakata. Alinipa vidonge. Navyo havikunisaidia hata kidogo, kwa hiyo kiangazi cha Januari alinituma Mbarara, hospitali kubwa.

Bado ninaliona lile benchi la Mbarara. Niliogopa mtu wa Misiera asinione pale, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Pembeni yangu alikaa mwanaume wa Kaberebere, muuza ndizi, shati imepigwa pasi.

"Mzee, umeleta nani?"

"Nimesindikiza," nikasema.

"Hata mimi nasindikiza."

Mama mmoja mbele yetu akageuka. "Na mimi nimesindikiza tu."

Yule mwanaume akacheka mpaka akakohoa. "Basi leo daktari atalala. Wagonjwa hakuna, wasindikizaji tupu."

Wakaita jina, akasimama yeye. Wakaita tena, nikasimama mimi. Mama alibaki anatazama ukuta.

Daktari aliuliza mambo mengi, na katikati akauliza hili: "Mzee, kuna dawa ya kienyeji unakunywa?"

"Hapana."

Byamungu akatazama sakafu.

"Kweli kabisa?"

"Mimi ni mutu wa maombi."

Usinishangae. Watu wetu wote wanajibu hivyo. Ukimtajia daktari wa hospitali karuho, utaona macho yake yanavyobadilika. Ataandika kwamba umezidi kuwa mgonjwa. Kwa hiyo hospitali unaiambia ya hospitali, na mama wa kutapisha unamwambia yake, na wewe mwenyewe unabaki katikati kama daraja. Daktari aliona vidonge havifanyi kazi, akaongeza. Sasa ungemlaumu kwa nini?

Tulilala Ruti, mtaa wa Mbarara, kwa mtu anayenunua unga wetu. Ndani ya mfuko wa Byamungu kulikuwa na kijerikani cha ile dawa nyeusi, kwa sababu bibi yangu alikuwa ametoa amri: kidonge kwanza, halafu kikombe. "Bintu bibili bisaidiane," ndivyo alivyosema. Nami nilifanya hivyo asubuhi na jioni. Ninameza kidonge, ninakunywa cheusi, ninatoka nje ninatapika. Miezi yote ile. Hakuna mtu hata mmoja, si mimi, si bibi yangu, si mtoto wangu aliyefika sekondari, aliyewaza kwamba kidonge nacho kilikuwa kinatoka.

Wiki kadhaa kabla ya Pasaka yule mama wa kutapisha alivuka kwenda Kongo kwenye msiba, na dawa nyeusi ikatuishia. Tukasema tutangoja arudi. Vidonge niliendelea kumeza, vile vilivyoongezwa, bila cheusi.

Ikaja Jumapili. Bibi yangu na binti yetu Neema walikuwa kanisani, na ibada yetu haiishi mpaka watu wawe na njaa ya kweli. Byamungu alikuwa amekwenda Kaberebere kutafuta kipuri. Mimi nilikuwa kwenye kiti uani. Godelieve alikuwa amerudi mapema kutoka kwenye misa yao, anafua.

Kwanza ulimi ulikuwa mzito. Nikataka kuomba maji, maneno yakatoka yamepondeka. Halafu taya likajifunga. Halafu shingo ikaanza kugeuka yenyewe upande wa kushoto, polepole, kama mtu amenishika kichwa kwa mikono miwili ananipindua. Macho yakapanda juu. Nikawa ninaona ukingo wa bati na mbingu, basi. Mate yanashuka kifuani. Akili ilikuwa nzima, na ilisema jambo moja tu: karuho imefika mwisho, na aliyeitia yuko palepale kwenye beseni.

"Baba mukwe? Baba mukwe, ni nini?"

Alimwita jirani. Jirani akaja mbio, akaniona, akarudi nyuma. "Ni shetani! Usimuguse!" Akakimbia kuwaita watu wa kanisa.

Nilimsikia Godelieve anahema. Halafu akasogea karibu kuliko alivyowahi kusogea toka aolewe, akaniambia sikioni:

"Weye muzee, unanisikia? Ukifia hapa, mimi niko peke yangu na weye, bataniua. Kama hawaniue, bataninyang'anya mutoto. Siwezi kukubali ufie hapa. Simama!"

Akanishika kwapani kwa mikono ya povu. Mukwe wangu. Akaninyanyua kama gunia, mtoto mgongoni kwake, akanivuta mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki. Aliniweka nyuma ya dereva, akatufunga mimi na yule dereva pamoja kwa kitenge, akapanda nyuma yangu na kunikumbatia ili nisianguke. Dereva alikuwa kijana wa Kiganda.

"Maama, mzee amelewa?"

"Endesha!"

"Akitapika kwangu, wewe unaosha."

"Nimesema endesha!"

Kila shimo la ile barabara nililisikia shingoni. Sikuweza kusema. Niliweza kusikia tu, kifua cha Godelieve kinapiga mgongoni kwangu, na mtoto analia.

Yule musawo mwembamba alikuwa zamu. Nilitegemea apige kelele kama jirani. Alinishika kidevu, akatazama, akasema kama mtu anayeona mvua, "Aah. Hii ni dawa. Hii najua." Akanichoma sindano. Tukangoja kwenye benchi, mimi ninatazama dari, na ule muda ulikuwa mrefu kuliko safari ya kukimbia vita. Halafu kitu kikaachia. Taya, kisha ulimi, kisha shingo ikarudi taratibu mahali pake. Nililia. Godelieve alikuwa amekwisha kurudi mbali, amekaa sakafuni karibu na mlango, ananyonyesha.

Musawo akakaa. "Mzee, hii dawa unameza tangu zamani. Kwa nini inakushika leo?"

Nikajifanya ulimi bado mzito. Ndipo sauti ikatoka sakafuni.

"Alikuwa anatapika."

"Nini?"

"Kila siku. Wanamupa dawa ya kutapika karuho, asubuhi na jioni, akimaliza kumeza yako. Hiyo ya kutapisha imekwisha juzi. Mimi ndiye ninafua nguo zake, ninajua kila kilichotoka."

Musawo aliweka kalamu chini. "Maama, mbona hukusema?"

"Niseme wapi? Mimi ndiye mulozi."

Musawo akanigeukia, mdomo unataka kucheka na macho hayataki. "Kumbe mzee, wewe hujameza dawa yangu hata siku moja mpaka juzi, nayo imekuingia nyingi mara moja."

Alipunguza vidonge, akaongeza kingine kidogo cha kuzuia shingo, akaniambia nianze upya.

"Itanishika tena?"

"Inaweza. Ikishika unakuja, tunachoma, inaachia."

"Na kichwa, kitapona?"

Alifikiri. "Sijui, mzee. Tujaribu, tuone."

Neno lile nililibeba mpaka nyumbani. Mama wa kutapisha hakuwahi kusema sijui. Shauri hakuwahi kusema sijui. Kanisani hawakuwahi kusema sijui. Wote walikuwa na uhakika, na mimi nilikuwa ninakauka. Huyu binti mdogo ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba haoni mbele, na ndiye niliyeamua kutembea naye. Sikuamua kwa imani. Niliamua kwa kukosa pa kwenda.

Nyumbani moto uliwaka. Bibi yangu alificha vidonge ndani ya gunia la unga.

"Hospitali inataka kukuua, na weye unairudilia!"

"Lete, mama."

"Nikuletee kifo kwa mukono yangu?"

Nilivitafuta mwenyewe, nikavipata, nikameza ndevu zikiwa nyeupe kwa unga. Kila jioni nilimeza mkono mmoja ukiwa shingoni, ninangoja igeuke. Haikugeuka. Kilichokuja ni njaa. Hiyo lazima nikuambie kwa sababu hospitali wanaitaja haraka sana: dawa inaleta njaa ya mnyama, na sisi ndio tulikuwa tumepunguziwa chakula cha msaada. Nimejificha nyuma ya mulini nikala unga mkavu kwa kiganja. Mikono ilitetemeka, mate yalilowesha mto. Nimeona watu wanaacha dawa kwa ajili ya njaa tu. Mimi siwacheki.

Mvua zilipokaza, yule aliyekuwa ananiita ndani ya mashine alianza kwenda mbali. Siku nyingine anaita, siku nyingine haiti. Halafu asubuhi moja nimesimama pale, watu wamepanga ndoo zao, nikasikia rulma, beringi ya mashine, inalia, inataka mafuta. Nilizima mashine. Nikatia mafuta. Nikawasha tena, nikasikiliza. Mashine ilikuwa inasema mashine. Nikamwomba mteja radhi, nikaenda kukaa kidogo nyuma ya nyumba.

Pasaka ikapita. Ukoo ukaja.

Shauri alifungua kwa maombi, halafu akasema, "Tunamushukuru Mungu, ndugu yetu amepona. Yule mama alitoa karuho yote. Sasa tumalize habari ya huyu mulozi."

Nikaona ilivyopangwa vizuri. Mimi nimepona, sumu imetoka, heshima yangu imebaki. Kilichotakiwa kwangu ni kunyamaza tu. Byamungu alikuwa ananitazama kwa namna ambayo mtoto hamtazami baba yake. Godelieve alikuwa nje, nyuma ya mlango wazi, nguo zake zimekwisha kufungwa kwenye kitenge.

Nikasimama.

"Hakuna karuho," nikasema.

"Weye ikala, bado unachoka."

"Sichoke. Ni kichwa yangu ilikuwa inasikia bintu ambavyo haviko. Ni ugonjwa wa akili. Ninameza dawa yake, nitaendelea kumeza. Hakuna mutu alinipa kintu. Si huyu, si mwingine."

Shauri akainuka nusu. "Unajua unasema nini? Unajiita mwenda wazimu mbele ya batu?"

"Ninajua."

"Na Neema ataolewa na nani?"

Bibi yangu akajifunika uso kwa kitenge. Nikasema tu, "Godelieve haondoki. Mutoto haondoki. Anayetaka kumutoa, anitoe mimi kwanza, nyumba ni yangu." Nikakaa. Shauri hakumaliza chai siku ile.

Nililipa. Familia iliyokuwa imeanza kuuliza habari za Neema haikurudi, na yeye alikaa muda mrefu bila kuniangalia. Wateja kadhaa walihamia mulini mwingine. Watoto walipita wakiniigiza shingo. Wameacha. Neema baadaye alipata mwanaume mwingine, fundi wa redio, aliyekuja kuniuliza uso kwa uso kama ugonjwa huu unarithiwa. Nikamjibu jibu la musawo: sijui. Akaoa hivyohivyo.

Kwa Godelieve nilikwenda mwenyewe kushukuru.

"Usinishukuru, baba mukwe," akasema. "Niliogopa tu." Yeye na Byamungu walijenga nyumba yao upande wa pili wa njia. Hapiki tena kwangu, nami simwombi.

Sasa wewe uliye kwenye benchi umevuta kofia. Kula kwanza, halafu meza. Mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama ni mkojo wa mbuzi. Shingo ikigeuka, usikimbilie kanisani, kimbilia sindano, kanisa litakungoja. Na anayekuambia ana uhakika, muulize ameupata wapi.

Mwaka huu mvua zimekuja vizuri. Leo nina vitu hivi. Mulini mmoja wa dizeli, niliununua mwenyewe. Nyumba ya matofali ya udongo yenye bati. Shamba la mihogo la kukodi. Mbuzi. Bibi mmoja, tunagombana. Watoto, na wajukuu watatu, wote wako hapa. Sindano ya kila mwezi, imechukua nafasi ya vidonge. Mikono inayotetemeka kidogo asubuhi. Na ugonjwa. Huo nao ni wangu, sikupewa na mtu.